Farasi wasioguswa: gumzo la kikundi cha Ukoo wa Makorora

Rukia: Shikamooni wazee wangu wote mlioko Tanga. Jana sikuonekana humu kwa sababu mimi, baba watoto na watoto tulikwenda kujitolea kazi katika hifadhi ya farasi wa porini iitwayo Black Hills Wild Horse Sanctuary, karibu na mji mdogo wa Hot Springs, huku jimboni South Dakota, Marekani. Picha nitatuma, ila nawatahadharisha kwamba farasi wanaonekana kwa mbali sana, na hilo lina sababu yake.

Mama: Marahaba mwanangu. Mimi nilidhani mmekwenda kuwapanda. Sasa mlijitolea kazi gani, ikiwa farasi wenyewe mliwaona kwa mbali?

Rukia: Hata sisi tulidhani hivyo, mama. Nasra alikuwa ameficha karoti mfukoni tangu alfajiri, na msimamizi alipoiona alimwambia kwa upole kwamba farasi wa porini akishazoea kulishwa na mkono wa mtu, humwendea kila mtu, mwema na mbaya. Karoti ikarudi mfukoni, nasi tukapewa glavu na koleo tukang'oe seng'enge kuukuu. Ni uzio wa zamani ulioanguka ukamezwa na nyasi. Farasi akishtuliwa na radi usiku, haoni waya huo hadi umemchana mguu. Tuliukata vipande na kuuviringa kama kamba ya katani, na kufika adhuhuri pikapu ilikuwa imejaa nusu tu, mikono imekwisha.

Shangazi Saumu: Poleni. Nguo za watoto zimepona?

Rukia: Suruali moja haikupona, shangazi.

Mjomba Mhina: Mimi niliyeendesha mkokoteni wa punda Handeni miaka kumi na mitano naomba kueleweshwa. Mnyama asiyeguswa, asiyebeba maji wala mzigo, anatunzwa kwa faida gani? Na je, huyo ni wa porini kweli, au ni wa watu aliyetoroka?

Rukia: Umeuliza penyewe, mjomba. Farasi wa asili wa bara hili walitoweka miaka ipatayo 10,000 iliyopita, na hawa wa sasa ni kizazi cha walioletwa na Wahispania, wakachanganyika baadaye na waliotoroka au kuachwa na wafugaji. Walipoongezeka wakawa wanawindwa kwa ndege na magari, wakisindikwa kuwa chakula cha mbwa, hadi mama mmoja wa Nevada, Velma Johnston, alipokuta njiani lori la farasi likichuruzika damu, mwaka 1950. Hakunyamaza tena. Watoto wa shule walimuunga mkono kwa barua nyingi, na mwaka 1959 ikapitishwa sheria ya kukataza uwindaji ule, kisha mwaka 1971 ikaja sheria ya kuwalinda farasi na punda wa porini katika ardhi ya serikali. Lakini walipoyazidi malisho, serikali ikawa inawakamata na kuwaweka mazizini. Mfugaji wa ng'ombe aitwaye Dayton Hyde aliwaona wamesongamana humo, akaanzisha hifadhi hii mwaka 1988, yenye ekari zipatazo 11,000. Faida, mjomba, sidhani kama aliihesabu.

Bakari: Dada, mimi kama mtu wa mifugo nauliza jambo moja. Ekari si mpira wa kuvutika, kwa hiyo uzazi unadhibitiwaje?

Rukia: Sehemu nyingi za Marekani hutumia chanjo ya kuzuia mimba iitwayo PZP, ambayo jike hudungwa kwa mshale kutoka mbali, na nguvu yake hudumu karibu mwaka mmoja. Hata hapo, hakuna anayemshika.

Ila mmoja nilimwona kwa karibu. Nilikuwa nasugua hodhi, jike mmoja akaja kunywa na mtoto wake, nami nikaona shingoni, upande wa kushoto, mstari wa alama nyeupe za pembepembe. Ni chapa ya serikali, inayopigwa kwa chuma cha baridi kali badala ya cha moto, na nywele zinazoota hapo baadaye huwa nyeupe. Mtoto alipotaka kunisogelea, mama yake alilaza masikio nyuma, akapita katikati yetu na kusimama kiubavu mpaka nikarudi nyuma. Sikuhitaji mkalimani.

Mjomba Mhina: Umesema punda nao wamo katika sheria hiyo?

Bakari: Wamo, mjomba, na asili ya punda ni huku kwetu Afrika, upande wa kaskazini mashariki. Kule wanalindwa tangu 1971, ilhali Umoja wa Afrika umepitisha marufuku ya kuwachinja kwa biashara ya ngozi mwaka 2024.

Mjomba Mhina: Marufuku hiyo iliwakuta wangu wawili wamekwisha kuibwa. Asubuhi nilikuta kwato na matumbo kichakani, ngozi hakuna. Jirani alisikia usiku wakipita, akadhani ni mimi, kwa kuwa hawakulia wala kugoma. Walimfuata mwizi kwa hiari kwa sababu kila mtoto wa mtaa alikuwa akiwalisha maganda ya ndizi. Rukia, huyo msimamizi wenu nimemwelewa. Mfikishie salamu zangu.

Rukia: Nitamfikishia, mjomba. Pole sana, sikuwahi kujua.

Mama: Na ile karoti ya mjukuu wangu?

Rukia: Ilirudi nyumbani imelegea, mama. Nimeikatia ndani ya pilau.

Mama: Pilau ya kwetu haitiwi karoti, Rukia. Bora mngempa farasi.