Taa ya oili inawaka na stiki iko full: tupeane uzoefu wa presha ya oili kushuka

Mleta mada
Wakuu heshima kwenu. Naleta hii kwa sababu injini nyingi sana zinakufa kwa ile taa nyekundu ya kopo la oili, watu wanadhani inaonyesha oili imebaki kiasi gani, hapana, ile inasoma presha. Stiki (kile kijiti cha kupimia oili) inaweza kuwa full kabisa na presha hamna, na hapo metali za krenki (zile beringi laini ambazo shafti kuu ya injini inazungukia) zinasagana chuma kwa chuma.

Yangu ni IST injini 1NZ. Asubuhi ikiwa ya baridi haina neno, ikishachemka nikikaa foleni ya Ubungo taa inaanza kupepesa, nikikanyaga mafuta kidogo inazima. Fundi wa kwanza bila kupima chochote kasema oili pampu, wa pili kasema injini imekwisha nitafute ya mtumba. Nikagoma kununua kitu mpaka ipimwe. Nikampata fundi mwenye geji ya mkono, anafungua swichi ya oili (ile inayowasha taa) pale kwenye bloku upande wa filta, anafunga geji kwenye tundu hilo hilo (uzi wa Toyota nyingi ni 1/8), gari inaachwa ichemke mpaka feni ipige ndo unasoma, ukisoma ya baridi unajidanganya maana oili bado nzito. 1NZ inatakiwa kwenye sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) isipungue 0.3 bar na kwenye mizunguko 3000 kwa dakika iwe kati ya 1.5 na 5.5. Yangu sailensi mshale umelala, 3000 haifiki hata 1.

Tukashusha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Strena, ule wavu ambao pampu inavutia oili, imezibwa na tope jeusi na vipande vya silikoni (gundi ya kuzuia kuvuja), aliyefunga hiyo sampo zamani alipaka nyingi mno ikasukumwa ndani ikakatika vipande. Ikaoshwa, filta mpya, oili 5W-30 lita 3.7, geji ikapanda vizuri tu. Pampu ni ile ile mpaka leo.

Haya leteni za kwenu, semeni na gari gani.

Mdau, Mombasa
Mie Probox. Taa yawaka muda wote, hata ukipiga resi haizimi, lakini injini imetulia haina kelele yoyote. Tukafunga geji presha iko sawa kabisa, kumbe ni swichi yenyewe, oili imepenya ndani hadi kwenye soketi. Swichi mpya nikabadilisha nyumbani. Na kuna jambo jengine ndugu zangu, chomoeni waya wa ile swichi halafu mfungue switi (ufunguo) bila kuwasha injini, taa ikiwaka na waya umechomoka basi huo waya umechubuka mahali wagusa bodi, tafuteni hapo kwanza. Lakini msiondoke tu mkasema ni swichi bila kupima, wapo waliosema hivyo na injini zikanoki.

Dereva wa Fuso
Mimi nipo njia ya Mbeya. Kwenye malori tuna geji kabisa ya presha kwenye dashibodi, kwa hiyo unaiona inavyoshuka, mimi nilianza kuiona nikipanda mlima Kitonga, mshale unakuja chini taratibu kadri injini inavyopata moto. Nikasimama pembeni nikachomoa stiki, oili IMEONGEZEKA. Haijapungua, imeongezeka, na ukiinusa ni dizeli. Ile pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tangi ilikuwa imekufa sili inavujia kwenye pampu kubwa, dizeli inateremka mpaka kwenye sampo, oili inakuwa nyepesi kama maji haiwezi kushika presha. Tukatengeneza pampu, tukamwaga oili yote, filta mpya, mshale ukarudi mahali pake. Kwa hiyo mkipima stiki msiangalie kupungua tu, na ikizidi ni ugonjwa.

Fundi, Gerezani
Niongezee kitu maana hili naliona sana hapa. Pampu kazi yake ni kusukuma oili, presha inatokana na ule ubana wa nafasi kwenye metali. Chukua mpira wa kumwagilia bustani, utoboe matundu, hata bomba lifunguliwe lote maji hayatoki kwa nguvu kule mwisho. Metali zikilika ni hivyo hivyo. Dalili yake ikiwa ya baridi presha ipo, ikichemka inaanguka, na ukipandisha kilima inagonga kule chini. Wateja wengi wakifika hapo wanaweka oili nzito 20W-50 taa inazima wanafurahi, baadaye inarudi na krenki imeshakwaruzika. Ukiwahi, krenki inachongwa unafunga metali nene zaidi za 0.25 (milimita), ukichelewa unatafuta krenki nyingine au injini. Ukimwaga oili ipitishe kwenye kitambaa cheupe juani, ukiona inameta meta vumbi la chuma usiwashe tena hiyo gari.

Pampu yenyewe kufa ni mara chache kuliko watu wanavyoambiwa. Kuna vali ndogo ya kupunguza presha, ikinasa ikiwa wazi presha inapotea yote, nayo mara nyingi ni kusafisha tu.

Mdau mwingine
Swali wakuu, taa ikiwaka barabarani na nyumbani ni karibu, naruhusiwa kujikongoja nayo?

Fundi, Gerezani
Hapana. Zima hapo hapo, angalia stiki, kama oili imepungua ongeza uwashe uone taa inazima ndani ya sekunde chache. Isipozima zima tena, ita brekidauni au uvutwe kwa kamba. Dakika chache bila presha zinatosha kuua metali.

Mdau mwingine
Na hizi dawa za kuflashi (kusafisha ndani) injini kabla ya kumwaga oili? Yangu ukifungua kifuniko cha oili kumejaa tope.

Mleta mada
Kwa hali hiyo mimi nisingeweka mkuu, ile dawa inabandua tope lote kwa pamoja na linaenda kuziba strena. Shusha sampo lioshwe kwa mkono, halafu mwaga oili mapema mapema zile sevisi za mwanzo na filta kila mara. Ukishapima tuletee namba za geji hapa, sailensi na 3000, na useme ni injini gani.