Kofia ya keki imekwama ofisini: kwenye fomu ya forodha, CN23, niandike chakula au pambo?

Kutoka: Nyar Kajulu, Leicester

Wapendwa, hamjambo. Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe. Mdogo wangu anahitimu mwezi ujao, sherehe ni nyumbani Kajulu, na keki inaokwa hapo Kisumu mjini. Mimi nikajitolea kutengeneza kofia ya mahafali ya kukaa juu yake. Fondanti nyeusi (ule udongo wa sukari wa kufinyangia mapambo), kishada cha dhahabu, jioni za wiki nzima baada ya zamu. Nikaifunga kwenye boksi la viatu, nikatuma.

Leo ni siku ya 11 iko kwenye ofisi moja ya vifurushi. Kwenye CN23 niliandika "pambo la keki". Wa kwanza kunipigia akasema hicho ni chakula, lete kibali. Wa pili akasema ni pambo, lete risiti ya dukani. Risiti ya kitu nilichofinyanga kwa vidole vyangu! Swali langu ni moja tu: mliowahi kutuma vitu kama hivi, mliandika chakula au pambo?

Kutoka: Baba Wekesa, Minneapolis

Pole sana dada. Hiyo yako ni nafuu. Mimi nilitumia mama viatu na dawa ya kuchua magoti, nikaambiwa mpokeaji alete PIN ya KRA, ile namba ya mlipa kodi. Mpokeaji ana miaka 78, yuko Webuye, hajawahi kuajiriwa na mtu. Mpwa wangu akambeba kwa bodaboda hadi Huduma Centre Bungoma. PIN ilipatikana, viatu vilipofika vikambana. Sasa anavaa jirani.

Hakikisha ulijaza CN23, si CN22.

Kutoka: Mama Keki, Doha (nyumbani ni Nakuru, Section 58)

Baba Wekesa, ameshasema ni CN23. Tuwe tunasoma kabla ya kujibu. CN22 ni kile kibandiko kidogo cha vifurushi vyepesi, visivyozidi kilo 2 na thamani ndogo.

Nyar Kajulu, hata ikiachiliwa leo, hiyo kofia imekwisha. Fondanti ni sukari, na sukari hunywa unyevu wa hewa. Kwa joto la ziwani itatoka jasho, lile bamba la mraba la juu litalegea kama sikio la mbuzi. Mwache mdogo wako atengeneze huko huko. Achukue robo kilo ya fondanti, akande na kijiko kimoja cha chai cha CMC (unga wa kukaza fondanti), aifunge kwa nailoni ilale usiku. Asubuhi aisukume unene wa milimita 3, akate mraba, aulaze juu ya sponji kavu. Augeuze asubuhi na jioni, siku 2 au 3, mpaka ukiugonga kwa ukucha ulie kama sahani.

Kichwa cha kofia asihangaike nacho: keki ndogo ya kikombe aipindue juu chini, aivishe fondanti, basi. Kishada, asukume fondanti laini ndani ya kile chombo cha kukamua kitunguu saumu. Zitatoka nyuzi nyembamba, azikusanye, azifunge shingoni. (Akioshe kwanza! Niliwahi kula kishada chenye harufu ya pilau.) Gundi ni CMC kidogo ndani ya maji.

Na rangi: asianze na fondanti nyeupe. Atamimina chupa nzima ya rangi nyeusi, iwe chungu, na wageni wapigwe picha na meno meusi. Aanze na ya chokoleti, ambayo nusu ya safari imeshafika. Friji asiikaribie kabisa.

Kutoka: Omera wa Kondele, Hamburg

Mama Keki, heshima yako, lakini Nakuru mko mita 1,850 juu, asubuhi mnavaa sweta. Kisumu ni 1,131 na ziwa liko mlangoni. Siku zako 3 wakati wa mvua ni hadithi. Dada yangu anaoka kwa biashara, na bamba analikata kwa kadibodi ngumu, anavisha fondanti nyembamba juu. Nani hula kofia? Watu wanangoja keki.

Kutoka: Mama Keki, Doha

Kadibodi ndani ya keki ya watu. Haya. Na uandike Jiji la Nakuru, tuna hadhi tangu 2021.

Kutoka: Mwalimu Mstaafu, Toronto

Vijana, mmenikumbusha mbali. Nilipohitimu mimi hakukuwa na keki. Kulikuwa na kuku, chapati, na baba aliyelivaa joho langu siku nzima akizunguka nalo bomani, sikulipata tena hadi jioni. Juzi nimeona video ya watu wakila samaki Dunga nikazima simu.

Lakini tukisema ofisi, tuseme yote. Mwaka 2022 nilipiga kura hapa Kanada, nikapewa karatasi moja tu, ya rais. Gavana wa nyumbani simchagui, na barabara ya kwenda kwangu ni yake. Pesa tunayotuma nyumbani kila mwezi haiulizwi kibali.

Kutoka: Baba Wekesa, Minneapolis

Mwalimu, siasa tuiweke kando, tulikubaliana. Ila kwa hilo la barabara niko na wewe. Huyo samaki alikuwa wa kukaanga au wa kuchemsha?

Kutoka: Nyar Kajulu, Leicester

Asanteni nyote. Mdogo wangu ametumia kadibodi ya Omera na kichwa cha Mama Keki. Nimetumiwa picha: kona moja imeinama, kishada kimejinata kwenye bamba, lakini mama amesema ni nzuri kuliko yangu, na hajaiona yangu.

Ofisi imenipigia asubuhi. Gharama ya kuhifadhi inahesabiwa kwa siku, na sasa imepita bei ya keki yenyewe. Nimewaambia basi, waile. Yule dada akanyamaza kidogo, nikasikia anaandika, kisha akauliza: "Kwa hivyo ni chakula?"