Naomba ushauri: muuzaji hataki niliendeshe gari kabla ya kulinunua

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Nipo hapa Dodoma na ninakusudia kununua Toyota IST iliyokwisha kutumika, kutoka kwa mtu binafsi anayeishi Area C. Kadi ya gari ina jina lake na bei tumekaribiana, ila hataki niliendeshe kabla ya kulipa. Anasema nije na fundi, tuliwashe palepale uani, asikilize injini, basi.

Mimi naona haitoshi. Injini inaweza kunguruma vizuri gari likiwa limesimama, kumbe giaboksi hushtuka ikishapata moto, breki huvuta upande mmoja, na bushi zilizokwisha hugonga pale tu gari linapopita kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo. Ndiyo maana natamani tulitoe asubuhi injini ikiwa bado baridi, twende nalo hadi Mtumba kwenye lami, kisha turudi kwa njia za mitaani, fundi akiwa kando yangu na mwenye gari kiti cha nyuma.

Hofu yake naielewa, maana bima aliyonayo ni ile ndogo, na nikiligonga haitamlipa matengenezo ya gari lake (wapo pia matapeli wanaotokomea na magari ya watu).

Je, tuandikishane mbele ya mashahidi kwamba uharibifu wowote ni juu yangu? Au aendeshe mwenyewe, sisi tukiwa abiria, na je, fundi anaweza kubaini kasoro bila kushika usukani? Akikataa hata hilo, niachane nalo?