Ni siku gani hasa demokrasia ya Ujerumani ilipokufa?

Mwalimu wa Langoni:

Assalaam alaykum, wanabaraza. Juzi baada ya sala ya Isha tuliketi Mkunguni, hapa Lamu, mkabala na ngome, tukizungumza jinsi nchi yenye katiba, bunge, magazeti na mahakama inavyoweza kuishia mikononi mwa mtu mmoja. Nilileta mfano wa Ujerumani, kwa kuwa ndio ninaousomesha: nchi iliyojiandikia katiba ya kidemokrasia mwaka 1919, na kufikia mwaka 1934 ikawa chini ya Adolf Hitler peke yake, hana bunge la kumhoji wala chama cha kumpinga. Mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza kimya, kikombe cha kahawa kikimpoa mkononi, akaniuliza: "Mwalimu, siku gani hasa? Maana maji yanapojaa, ipo saa ambapo aliyekwenda fungu la mchanga hujua kwamba hawezi tena kurudi kwa miguu."

Nilimjibu kuwa ni tarehe 30 Januari 1933, siku Hitler alipoapishwa kuwa kansela, yaani mkuu wa serikali. Nilipofika nyumbani jibu langu likaninyima usingizi. Siku ile bunge lilikuwapo, vyama vilikuwapo, Rais Paul von Hindenburg alikuwa na uwezo wa kumfuta kazi, na katika baraza zima la mawaziri Wanazi, watu wa chama chake, walikuwa watatu tu, yeye akiwa mmoja wao. Basi nawaomba wanaoijua historia hii wanisaidie: nimjibu nini mzee wangu?

Wakili wa Mkomani:

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Kwa mtu wa sheria siku hiyo ni 23 Machi 1933, ila haielezeki bila ya kuanza na 28 Februari. Usiku wa tarehe 27 jengo la bunge liliungua mjini Berlin, na kesho yake Hindenburg akatia saini amri iliyosimamisha uhuru wa magazeti, wa mikutano na wa vyama, pamoja na siri ya barua na simu, na polisi wakaweza kumweka mtu ndani bila ya kumfikisha mbele ya hakimu. Amri hiyo haikuwekewa ukomo wa tarehe, na ilidumu hadi utawala wenyewe ulipoanguka mwaka 1945. Tarehe 5 Machi ukafanywa uchaguzi ambao, pamoja na vitisho vyote hivyo, Wanazi walipata asilimia 43.9. Naomba uishike takwimu hii, kwa sababu nimewasikia wengi wakisema kwamba zaidi ya nusu ya Wajerumani walimchagua, na jambo hilo halikutokea katika uchaguzi wowote ulioshindaniwa na vyama vingi.

Tarehe 23 wabunge walikutana katika jumba la opera la Kroll, wanamgambo wa chama cha Wanazi wakiwa wamejipanga ndani. Wakomunisti 81 waliochaguliwa hakuwamo hata mmoja. Waliokuwa hawajakamatwa walikuwa mafichoni au wamekimbia. Mswada uliruhusu serikali kutunga sheria bila ya bunge kwa miaka minne, hata sheria zinazokwenda kinyume cha katiba. Otto Wels, kiongozi wa SPD, chama cha wanademokrasia wa kijamaa, alisimama mbele ya watu wale akasema kwamba uhuru na uhai wao vyaweza kuchukuliwa, lakini heshima yao haichukuliki. Wabunge wa chama chake waliofika, wote 94, walikataa. Waliokubali walikuwa 444. Kila nikiisoma hesabu hii huhuzunika upya, kwa kuwa mlango haukuvunjwa. Waliokabidhiwa ufunguo ndio walioutoa.

Mama wa Shela:

Ndugu yangu Wakili ameeleza vizuri, lakini naona amefika wakati maiti inakoshwa. Nilisomesha historia kwa miaka mingi, na jibu langu kwa mzee ni mwaka 1930.

Kwanza niondoe kosa moja. Watu husema fedha iliyokosa thamani mwaka 1923 ndiyo iliyomleta Hitler. Ni kweli kwamba Novemba mwaka ule dola moja ilifikia marki trilioni 4.2, na ni kweli kwamba yeye alijaribu kuipindua serikali mjini Munich mwezi huohuo. Lakini alishindwa, akafungwa, na katika uchaguzi wa Mei 1928 chama chake kilipata asilimia 2.6 na viti 12. Mfumo ulikuwa umesimama tena kwa miguu yake.

Machi 1930 serikali ya mseto ya Hermann Müller ilivunjika kwa ugomvi juu ya michango ya bima ya wasio na kazi. Fikirini jambo lenyewe lilivyokuwa dogo! Vyama vilivyopaswa kuilinda jamhuri havikuweza kukubaliana hata juu ya hilo. Hindenburg akamteua Heinrich Brüning, na bunge lilipozikataa amri zake za fedha mwezi Julai, likavunjwa. Kifungu cha 48 cha katiba, kilichomruhusu rais kutoa amri wakati wa hatari, kikageuzwa kuwa chombo cha kupitishia bajeti. Septemba Wanazi wakatoka viti 12 hadi 107. Kufikia 1932 bunge lilitunga sheria 5 tu kwa mwaka mzima, huku amri za rais zikizidi 50, na wasio na kazi wakifika milioni 6. Mwezi Julai mwaka huo Kansela Franz von Papen akaiondoa kwa amri serikali ya jimbo la Prussia, jimbo kubwa kuliko yote, na viongozi wa jimbo hilo wakaenda mahakamani badala ya barabarani.

Kwa hiyo Hitler alipoingia, kutawala bila bunge kulikwisha kuwa mazoea. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba alikuwa akipungua: kutoka asilimia 37.3 mwezi Julai 1932 hadi 33.1 mwezi Novemba. Papen na wenzake ndio waliomwinua wakati wapiga kura walipoanza kumwacha.

Mvuvi wa Matondoni:

Shikamoo, mama. Neno lako "mazoea" limenigusa. Silinganishi nchi yetu na Ujerumani ile, ila nataka kusema jinsi amri ya muda inavyoingia ndani ya nyumba. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, huku kwetu Lamu, tuliwekewa kafyu, na uvuvi wa usiku ukakatazwa. Tuliambiwa ni ya muda. Ikaongezwa, ikaongezwa tena. Mwanzoni marehemu baba alikuwa akitoka kila jioni kuzikung'uta nyavu zilizoanikwa uani, akazikagua tundu kwa tundu, akisema bamvua lijalo tutatoka. Baada ya miezi aliacha kuzigusa, na chumvi ikazikaza zikawa kama makuti. Mdogo wangu alikuwa na miaka sita. Alipofika tisa aliniuliza kama ni kweli kwamba zamani watu walivua usiku. Sababu ya amri tuliijua na wengi tuliikubali. Lakini hakuna aliyekuja kutuuliza kama bado inahitajika.

Wakili wa Mkomani:

Mama wa Shela, nakubali kwamba ugonjwa ulianza 1930. Mimi nilitaja siku ambayo dawa ilikoma kufaa. Ndugu yangu Mvuvi, Mungu amrehemu mzee. Swali la nani huuliza ndilo lililokosa jibu katika kifungu kile cha 48. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 58, inaipa hali ya hatari siku 14 tu, na kuiongeza kunahitaji theluthi mbili ya Bunge la Taifa, nayo Mahakama ya Juu ina uwezo wa kuibatilisha. Ujerumani majaji walibaki vitini, lakini walipowaachia huru Wakomunisti wanne katika kesi ya moto wa bunge, Desemba 1933, serikali iliunda mahakama mpya mwezi Aprili mwaka uliofuata ili kesi za uhaini zisirudi tena kwao.

Mwalimu wa Langoni:

Nawashukuru nyote. Nitampelekea mzee tarehe zote mbili, na nitamsimulia habari za nyavu. Limebaki moja, najua ataniuliza: wale wa chama cha Wakatoliki, Zentrum, ambao nao waliupigia kura mswada ule, walikubali kwa sababu gani?

Wakili wa Mkomani:

Kwa hofu, na kwa ahadi. Kiongozi wao, Ludwig Kaas, aliahidiwa kwamba Hitler angewaandikia barua ya kuthibitisha haki walizoziomba. Walipiga kura barua ikiwa bado inasubiriwa. Haikufika, na tarehe 5 Julai 1933 chama chao kikajivunja.