Naomba ushauri: gazeti limetumia video yangu na kupotosha maana yake

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Mvua zilizopita nilirekodi kwa simu majirani zetu wa Jangwani, Dar es Salaam, wakimsaidia mama mmoja kuokoa vyombo vyake baada ya Mto Msimbazi kufurika, kisha nikaiweka video hiyo mtandaoni. Gazeti moja likachapa picha zilizokatwa humo na kuandika kwamba wananchi "walionekana wakipora", likitaja chanzo kuwa ni video inayosambaa mitandaoni, ilhali jina langu lilikuwa wazi na hakuna mwandishi aliyenitafuta.

Kinachoniumiza zaidi ya hakimiliki ni sura za majirani hao, kwani sasa wanaitwa wezi kwa sababu ya wema wao. Naelewa kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za picha jongefu, na kwamba Baraza la Habari Tanzania hupokea malalamiko dhidi ya vyombo vya habari. Je, nianze kwa kumwandikia mhariri nikidai masahihisho, au niende moja kwa moja kwenye Baraza? Na majirani wenyewe walalamike pamoja nami, au kila mmoja peke yake?