Wauza pikipiki, kwa nini hamuulizi nani atakaa nyuma?

Wakuu, habari za jioni. Hasira hii nimeibeba wiki ya tatu sasa, kwa hiyo uzi ukiwa mrefu mnivumilie.

Mimi ni mwalimu, naishi Goba. Mama yangu ana miaka 66, ana presha na goti la kulia linamsumbua, na mara mbili kwa mwezi lazima afike kliniki. Bajaji ni elfu nane kwenda, elfu nane kurudi. Bodaboda hapandi tena tangu mmoja amwangushe. Nikakopa kwenye kikundi chetu, nikajazia na akiba, zikafika milioni 2 na laki 8. Nia ilikuwa moja tu, kupata chombo cha kumpakia mama. Na nilipoingia dukani Kariakoo nilisema hivyo hivyo: "Kaka, nataka pikipiki ndogo ya kumpakia mama yangu, tunakaa Goba."

Yule kijana hakuniuliza swali hata moja. Hakuuliza mama ana kilo ngapi, hakuuliza njia ya kwetu ikoje, wala mama anakaa kwa kutanua miguu au anakaa upande. Alinipeleka moja kwa moja kwenye skuta. "Dada, hii ndiyo yenu wanawake, haina gia, unavuta mafuta tu inaenda." Nikauliza habari ya milima. Akasema CC 110 zinatosha, watu wanapakia hata wawili. Nikamwonesha Boxer, pikipiki ya gia iliyokuwa pembeni, akacheka, akaniambia hiyo ni ya bodaboda, itanisumbua. Nikalipa.

Wanaoipita njia ya Goba kwenda Makongo Juu mpaka kutokea Ardhi wanaijua milima yake. Nikiwa peke yangu skuta ilikuwa inapanda, kwa kujikongoja lakini inapanda. Siku ya kwanza na mama nyuma, katikati ya mlima nimevuta mafuta mpaka mwisho, injini inalia na chombo hakiendi. Nikaanza kusikia harufu ya mpira unaoungua. Nikaweka miguu chini, mama akashuka, akapanda mlima kwa miguu na lile goti lake huku mimi nasukuma. Watu wanapita wanatuangalia. Mama hakusema neno, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Kwenye pikipiki ya gia unarudisha gia ya chini, injini yenyewe inakushikilia. Skuta haina gia ya kurudisha, na mwendo ukishapungua kiasi fulani klachi yake inajiachia, unabaki na breki peke yake. Breki zenyewe ni za ngoma mbele na nyuma. Nilizishika mteremko mzima, tulipofika chini zilikuwa zinanuka na hendeli ya breki inaingia mpaka mwisho. Mikono ilinitetemeka mpaka kliniki.

Mshtuko mkubwa ulikuja safari ya pili. Mama anavaa dera na kanga, na kwa goti lile anakaa upande. Dukani walinifungia keria kwa elfu arobaini, na ili keria iingie walitoa kile kikinga cha pembeni ya tairi la nyuma. Hawakuniambia kazi yake ni nini. Pindo la kanga likaingia kwenye tairi. Nashukuru Mungu tulikuwa tunatembea polepole na kanga ikachanika, kama si hivyo ningekuwa naandika kitu kingine hapa. Baadaye fundi wa mtaani kwetu ndiye aliyenieleza kwamba kikinga kile si pambo. Nikatafuta zaidi, nikakuta kwamba India, zinakotoka Boxer na TVS zetu, kanuni zao za magari za 1989 zinataka kila pikipiki iwe na mahali pa abiria kushika, pa kukanyaga, na kikinga kinachofunika angalau nusu ya tairi la nyuma ili nguo ya abiria isinaswe. Yaani mtengenezaji amemfikiria mama mwenye vazi refu aliyekaa nyuma, halafu mtu wa Kariakoo anakifungua kwa bisibisi anakitupa, anafunga keria na kukuchaji hela!

Skuta ikagoma kabisa ikiwa na kilometa 1,140. Fundi akafungua, mkanda unaozungusha tairi la nyuma umeungua, na rola zake zimelika upande mmoja. Nikairudisha dukani na karatasi ya dhamana. Jibu nililopewa: "Dada, umezidisha uzito, dhamana haihusiki." Akafungua kitabu cha Kiingereza kilichokuwa kimefungwa nailoni chini ya siti, akaniwekea kidole kwenye mstari: mwisho kilo 130, dereva, abiria na mzigo kwa pamoja. Mimi nina kilo 76 na mama 82. Hesabu ifanyeni wenyewe.

Kwa hiyo mlikuwa mnajua! Namba mnayo, mmeifungia chini ya siti, mnaitoa siku mteja anapodai haki yake. Nilipouliza habari ya milima mliniambia watu wanapakia hata wawili. Kuna watakaosema ningesoma kitabu kwanza. Kitabu nilikabidhiwa pamoja na funguo, baada ya kulipa.

Huyo fundi wa mtaani, ambaye hakuniuzia chochote, alinieleza kwa nusu saa mambo ambayo duka lilipaswa kuniambia. Skuta yangu ina shokapu moja tu nyuma, upande mmoja, wakati Boxer na TVS HLX zina mbili, tena unaweza kuzikaza ukiwa na abiria. Tairi zangu ni za inchi 10, zikiingia kwenye shimo zinazama, za Boxer ni 17 zinapita juu. Hata upepo una hesabu yake: stika ya skuta yangu inasema tairi la nyuma PSI 29 ukiwa peke yako na 36 ukiwa na abiria, na mimi siku zote najaziwa kwa kubonyeza na kidole gumba. Na CC si kitu pekee, ila kwa watu wawili wazito kwenye milima yetu aliniambia nisishuke chini ya 125, na 150 ndiyo itakayopanda bila kulia.

Nakiri skuta ina jambo moja zuri: siti iko chini, mama anakaa bila kuinua goti sana. Boxer kwake ni juu, itabidi tutafute jiwe au ngazi ya baraza kila mara. Hilo pia ni la kuzungumza na mteja kabla hajalipa, kwa sababu kwa mama yangu kupanda na kushuka ni nusu ya safari. Lakini kwa muuzaji, abiria wa nyuma si mtu, ni mzigo, mpaka siku ya kukataa dhamana ndipo anapimwa kilo.

Ninachotaka ni vitu viwili. Warudishe kikinga walichokitoa, kwa gharama yao, na waichukue skuta wanipe ya gia nami niongeze tofauti. Wamekataa vyote mara mbili, mara ya mwisho kwa simu, wakanikatia nikiwa naongea. Kama kuna mtu humu aliyewahi kulibana duka kwa ahadi ya mdomo ya muuzaji, naomba anieleze alianzia wapi na alibeba nini mkononi. Risiti ya EFD ninayo, na mdogo wangu alikuwepo akasikia kila neno. Na mwenye mzazi anayekaa upande kwenye HLX 125 au Boxer, naomba aniambie kikinga na cha kukanyagia amefunga wapi na kwa bei gani.

Keshokutwa ni kliniki. Mama ameshaniambia ataenda na bajaji, na skuta nimeifunika turubai uani.