Albamu ya Amanaz, Africa (1975): nyinyi mnasikiliza miksi kavu ama ile ya mwangwi?

rongai_usiku:
Wasee nisaidieni juu hii kitu inanisumbua wiki ya tatu sasa. Nilianzia kwa ile ngoma ya Tyler, the Creator ya 2024, Noid, kuna gita na watu wanaimba ndani nikajiuliza hawa ni akina nani, kumbe ni Ngozi Family wa Zambia, wimbo wao wa 1977. Nikaanza kuchimba Zamrock, yaani roki ya Zambia ya miaka ya sabini. Bendi ya WITCH nikawapenda, Ngozi nikawapenda, lakini Amanaz na hiyo albamu yao Africa ndio hawanitoki kichwani ata nikiwa job.

Juzi jam ilisimama Lang'ata Road nikaweka hedifoni nikaanza ngoma ya kwanza, kufika Galleria albamu imeisha na nikairudia mwanzo. Ile kitu inanimaliza ni vile haikai mahali pamoja. Khala My Friend ni taratibu, ina huzuni, ni kama mtu amekaa na wewe kwa kiti anakuimbia, halafu hapo hapo inaingia History of Man na gita linanguruma kama posho mill, na bado unaskia ni watu wale wale. Kizungu, lugha zao, polepole, nzito, zote kwa sahani moja, na hakuna ngoma ata moja naruka.

Sasa swali. Nimegundua ilitoka kwa miksi mbili, yaani rekodi ile ile imechanganywa sauti kwa njia mbili, moja kavu na moja imejaa mwangwi, na lile toleo la lebo ya Now-Again liko na zote mbili. Ipi ndio yenyewe? Na pia, sisi Kenya tulikuwa na kitu karibu na hii ama ni majirani tu walibarikiwa?

santuri_za_zamani:
Kavu. Kwangu hapo hakuna mjadala.

Kijana wangu karibu sana, nimefurahi kuona mtu wa umri wako anaskia albamu nzima mpaka mwisho. Mwangwi ni mtamu, sikatai, lakini unafunika. Kwa kavu unaskia chumba, unaskia vijana watano wako karibu na wewe, fimbo ikigonga ngoma unajua imegonga wapi.

Na usidhani hawa watu walikuwa mbali na sisi. Musi-O-Tunya, ambao wengi wanawahesabu kama waanzilishi wa Zamrock, walikaa hapa Nairobi wakapiga kwa klabu zetu, na Wings of Africa waliirekodi hapa hapa. Kwa hivyo kuna kipande cha hii hadithi ni chetu.

Kule kwao, Rais Kaunda aliamuru asilimia 95 ya muziki redioni uwe wa Zambia, na vijana walikuwa wamelelewa na Hendrix, Rolling Stones na Black Sabbath, sasa wakaambiwa pigeni zenu, wakapiga zao kwa magita yale yale. Pesa ya shaba ilikuwepo, watu wananunua rekodi, wanaenda dansi. Halafu bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka ya sabini, na miaka iliyofuata ukimwi ukapita kwa wale wanamuziki ukafagia. WITCH ya ile miaka amebaki Jagari, mwimbaji wao, peke yake. Mimi nikiweka hizi santuri huwa nakaa kimya kidogo kwanza.

Kuhusu Kenya, tafuta Black Savage. Ayub Ogada, yule unayemjua na nyatiti, alipitia huko akiwa bado Job Seda. Na Matata pia, waliotoka hapa wakaenda London, ingawa hao ni fanki zaidi kuliko roki.

nyuzi_sita:
Mzee naheshimu lakini hapa tunatofautiana, mimi ni wa mwangwi mpaka kesho.

Napiga gita, wacha nieleze vile naskia. Lile gita la fazi, ile pedali inachukua sauti inaikata kichwa na miguu, yaani wimbi lililokuwa la mviringo linakuwa kama sanduku, ndio maana linakwaruza na noti inakaa hewani bila kufifia haraka. Sasa fazi ikiwa kavu iko pale usoni kwako kama msumeno. Ukiiwekea mwangwi inarudi nyuma, inakuwa ukungu, na ile sauti ya kuimba inaelea juu yake. I Am Very Far ni mtu anasema yuko mbali sana, na kwa mwangwi kweli anaskika mbali!! Kwa kavu yuko hapa mlangoni. Kwangu wimbo wenyewe ndio unaomba ile nafasi.

Lakini History of Man nakubali, hiyo kavu inapiga zaidi. Nimejaribu kuicheza mwezi mzima, noti si ngumu, ile ngumu ni kuiachilia polepole vile wao wanaiachilia. Mkono wangu unataka kukimbia.

dada_south_b:
Habari zenu. Nilifanya kazi Lusaka miaka minne kwa hivyo Kinyanja kidogo ninacho, na naona hakuna ameguza lugha, na mimi naona hapo ndo kuna utamu wote.

Khala ni kaa, ile ya kuketi. Ni neno lile lile letu limebadilisha nguo tu. Kwa hivyo hiyo Khala My Friend, ata kabla hujui Kinyanja, masikio yako yameshaelewa nusu. Kale pia, ile ya mwisho kwenye albamu, ni kale yetu ya zamani za kale. Na Musi-O-Tunya ambao mzee ametaja, hilo ni jina la maporomoko ya Victoria, moshi unaonguruma, na huyo musi ni moshi wetu. Ngozi ndio msichanganye, kule si ya mwili wala ya kiatu, ni hatari, ajali. Paul Ngozi, kiongozi wa Ngozi Family, alikuwa anajiita Hatari!

Mara ya kwanza niliskia Kale nilikuwa nyumbani kwa mama jirani pale Lusaka, napika nshima naye, redio iko dirishani, na nikaacha mwiko. Sikujua ni nani wanaimba. Nilikuja kujua jina la bendi miaka baadaye nikiwa nimerudi hapa, na nikalia kidogo, nawaambia ukweli.

Miksi yoyote ni sawa kwangu. Ile ya redio ya mama ilikuwa na chembe za mchele ndani ya spika.

kimya_kimya:
Mimi napenda nusu. Zile nzito na za lugha zao nazipenda sana, zile laini za Kizungu naona zingeweza kukaa nje na albamu ikawa kali zaidi. Lazy Bones!! ya WITCH, mwaka ule ule, ni moto mwanzo mwisho, haipumziki.

rongai_usiku:
@kimya_kimya Lazy Bones!! naipenda pia bro, lakini ukitoa zile laini History of Man inaingia kutoka wapi? Ule ukimya kabla ndio unafanya gita likushtue. Jaribu usiruke, usiku, taa umezima.

@dada_south_b asante sana, nimerudia Kale saa hii nikijua maneno yetu yako ndani na ni kama mtu amenifungulia mlango.

@santuri_za_zamani mzee nimeskia kavu yote leo nikirudi, kwa spika si hedifoni, na nimeskia mtu akivuta pumzi kabla ya kuimba. Kwa mwangwi sikuwahi kuiskia hiyo. Black Savage nianzie wapi, na Kenyatta Market naweza kuipata kwa santuri ama hiyo ni ndoto?

santuri_za_zamani:
Anza na Something for Someone. Kenyatta Market nenda Jumamosi asubuhi, beba muda, pekua sanduku zote usiulize bei kwanza. Ukikosa rudi hapa uniambie, mimi ninayo, utakuja uskie.